Madawati Yaliyotangulia Wageni

Mwanamke mmoja alikuwa na shule. Haikuwa yake, maana shule ni ya kijiji, lakini tangu siku wazazi walipomchagua kuwa mwenyekiti wa kamati ya shule aliibeba kana kwamba ameizaa yeye. Jina lake Tusekile, na kazi yake kushona nguo. Siku ya kuchaguliwa alisimama mbele ya wazazi akaahidi jambo moja tu: kabla mvua kubwa hazijarudi, hakuna mtoto wa darasa la kwanza atakayekaa chini. Sakafu za kule milimani zina baridi kali. Watoto waliandika huku wameyalaza madaftari magotini, na jioni walirudi nyumbani wakipiga chafya.

Kuahidi siku ya uchaguzi ni kazi nyepesi, ninyi wenyewe mnajua. Miezi ilikwenda na madawati hayakuja. Tusekile hakumwambia mtu. Alijikaza kisabuni, akatabasamu kila kikao, maana aliogopa kwamba akikiri ameshindwa, wazazi watajiuliza walimchagulia nini fundi cherehani.

Mkoa ule ulikuwa na Umoja wa kamati za shule. Waliouunda hawakuwa maofisa. Walikuwa wakulima, waashi, wauza ndizi, watu waliochaguliwa kama yeye, kila mmoja na shule yake na usingizi wake mchache. Umoja ulitembelea shule moja moja, ukakaa na kamati, ukauliza: mmepungukiwa nini? Kilichosemwa kiliandikwa katika daftari, na kilichoandikwa kilifanyiwa kazi na wote. Mwenye mti alitoa mti, mwenye msumeno alikuja na msumeno. Kisichosemwa hakikuandikwa.

Sasa sikieni alichofanya mama huyu. Barua ilipofika kwamba wageni wa Umoja watakuja Alhamisi, badala ya kufurahi aliogopa. Alikwenda kwa jirani yake Ambakisye, mwenyekiti wa kamati ya kijiji cha chini, aliyetembelewa mwezi uliopita na ambaye madawati yake yalikuwa bado yanasifiwa mkoa mzima.

"Kaka, niazime yale madawati kwa siku moja," akamwambia. "Wageni wakigeuza mgongo tu, nayarudisha."

Ambakisye alikohoa. Akatazama miguu yake, akatazama paa la nyumba, kisha akakubali, ila akamwomba asimwambie mtu. Tusekile alidhani huo ni unyenyekevu.

Madawati thelathini yakapanda mlima kwenye tela la trekta. Kila moja lilikuwa limeandikwa ubavuni jina la shule ya Ambakisye, kama ilivyo desturi, dawati lisije likapotea. Tusekile na wajumbe wenzake wakatafuta rangi ya bluu, wakayapaka kila upande Jumatano nzima mpaka jina la jirani likazama, na juu yake wakaandika la kwao. Namna ya kuyarudisha yakiwa na jina lao hawakuiwaza. Na jambo jingine lilisahauliwa, ambalo mtu wa nchi ile hana udhuru wa kulisahau: kule hunyesha karibu kila siku, na rangi iliyopakwa jana leo bado ni uji.

Alhamisi wageni wakafika, watu kumi na wawili, wamelowa na wanacheka njia nzima. Ambakisye alikuwa mmoja wao, yeye peke yake hacheki. Aliyewaongoza alikuwa Mama Tumpe, mwanamke mnene mwenye sauti ya kwaya na sketi nzuri ya kitenge. Aliingia darasani, akayasifu madawati, akaketi kwenye lile la mbele kwa uzito wake wote, akafungua daftari.

"Haya, dada yangu. Mmepungukiwa nini?"

"Hatujapungukiwa, mama."

"Niandike hakuna shida?"

Tusekile alitaka kuitikia kwa kichwa, lakini macho yake yalikwenda dirishani. Watoto wa darasa la kwanza walikuwa wametolewa nje wasije wakachafuka rangi, nao walikuwa wamekaa barazani, chini, kwenye saruji ileile ya baridi, wanaimba herufi zao bila kinyongo na mtu. Akaona wazi kwamba kalamu ile ikigusa karatasi, watakaa vile mwaka mwingine mzima, na ni yeye atakayekuwa amewakalisha.

"Usiandike," akasema. "Madawati haya si yetu. Watoto wetu wanakaa chini."

Wajumbe wenzake hawakujua watazame wapi. Tusekile akaeleza kwamba ameyaazima kwa Ambakisye, na kwamba kosa ni lake, si la Ambakisye. Ndipo Ambakisye akasimama, kofia mkononi.

"Wala si yangu," akasema. "Niliyaazima kwa mwenzangu wa shule ya kwenye mashamba ya chai."

Na huyo wa kwenye chai, naye mmoja wa wageni, aliyekuwa amekaa nyuma ya mlango na mwavuli wake, akainuka taratibu mno. Na yeye aliyaazima, akasema, kutoka kwa Mzee Lugano, ng'ambo ya mto, akidai ni ya harusi, na tangu hapo akimwambia yako kwa fundi.

Wote wakamgeukia Mzee Lugano, aliyekuwa amekuja na wageni. Wakati huohuo Mama Tumpe aliinuka amwone vizuri, na watu wakaona kwamba nyuma ya sketi yake ni bluu tupu, na pale alipokuwa ameketi rangi ya kijani imechungulia. Mzee Lugano alisogea, akalikwangua lile dawati ubavuni kwa ukucha. Chini ya bluu palikuwa na kijani. Chini ya kijani palikuwa na kahawia. Chini ya kahawia, herufi za shule yake mwenyewe, alizoziandika kwa mkono wake.

"Miezi mitatu natembea na ninyi," akasema, "na kila tulikofika nimeyasifu madawati. Nikirudi nyumbani nawakuta watoto wangu wako chini, wanayangoja yao yatoke kwa fundi, najiuliza, hivi ni sisi tu tusio na kitu?"

Mama Tumpe ndiye aliyeanza kucheka. Alijaribu kujizuia akashindwa, akashika ubao, na baada yake darasa zima likavunjika mbavu. Walimu walitoka madarasa mengine kuja kuuliza kuna nini. Mzee Lugano alicheka mpaka akahitaji kushikwa mkono. Tusekile alicheka huku analia, na kile alichokuwa amekibeba peke yake tangu siku ya uchaguzi kikamtoka, akajisikia mwepesi. Watu wanne walikuwa wamefichana umaskini uleule, na walipoufunua ukawa wa kuchekesha.

Ukurasa ule haukuandikwa hakuna shida. Uliandikwa shule nne. Siku ileile madawati thelathini yalishuka mlima, yakavuka daraja, akina mama juu ya tela wakiimba mbele na nyuma, yakaingia kwenye shule ya Mzee Lugano ambako watoto waliyagombania kabla hayajateremshwa vizuri. Kisha kila Jumamosi Umoja ulikutana kwenye shule moja ya zile tatu. Ambakisye alitoa miti miwili mikubwa ya shambani kwake. Wa kwenye chai alileta misumeno na watu wa kuivuta. Tusekile, asiyejua kushika randa, alipiga msasa mpaka viganja vikaota sugu, na katikati ya kazi akamshonea Mama Tumpe sketi mpya. Mvua kubwa ziliporudi, darasa la kwanza lilikuwa limekaa juu, miguu yao mifupi inaning'inia haigusi sakafu, nao wazazi walisimama dirishani kuitazama miguu ile kana kwamba ni sherehe. Ilikuwa sherehe.

Dawati moja Mzee Lugano hakukubali likwanguliwe. Alilitoa kwa Umoja likiwa na rangi zake zote, bluu juu ya kijani, kijani juu ya kahawia, na alama pana mahali alipoketi mama mmoja mnene mapema mno. Ndilo hili nililolisimamisha hapa mbele yenu.

Basi ninyi mliochaguliwa juzi, niambieni: tukija kwenu mwezi ujao, tutaketi kwenye madawati ya nani?