Mabomba Manene ya Bondeni

Paukwa!

Pakawa!

Mbona sauti za wagonjwa? Hamjala? Paukwa!

Pakawaaa!

Haya. Zamani hizo za kale, palikuwa na kijiji juu ya kilima. Maji yake yalikuwa bondeni, chini kabisa. Wanawake walishuka, wakapanda. Walishuka, wakapanda. Mitungi kichwani, jua la utosi.

Alikuwapo mfinyanzi mzee, Bibi Sikudhani. Mke wa mwanawe, Mize, aliwahi kuteleza kwenye njia ile, mimba ikatoka. Sasa alikuwa mjamzito tena, na kila alipojitwika mtungi, moyo wa Bibi ulimdunda.

"Huyu hatapotea," Bibi akasema. "Maji yatakuja yenyewe."

Ng'ambo ya bonde palikuwa na mlima, mrefu kuliko kilima chao, na huko juu chemchemi. Bibi akafinyanga mabomba ya udongo. Akayachoma, akayachomeka moja ndani ya jingine, akaziba kwa nta. Yakashuka mlima, yakavuka bonde, yakapanda mpaka kijijini.

Watu wakacheka. "Bibi wee, maji yapande kilima? Yana miguu?"

"Yanatoka juu kuliko hapa," akawajibu. "Yakibanwa njia nzima, yatapanda tu."

Yakafunguliwa. Chuu, chuu, chuu... paa! Bomba likapasuka bondeni. Akafinyanga jingine. Chuu, chuu... paa! Akafinyanga tena. Paa! Bibi akaketi chini akalia, jamani, mtu mzima yule. Tumbo la Mize limekua, na mtungi bado uko kichwani.

Mize akamkuta pale. "Mama, yanapasukia wapi?"

"Bondeni. Kila mara bondeni."

"Na ukipanga vyungu tanurini, chini unaweka kipi?"

"Kinene. Si ndicho kinachobeba vyote?" Bibi akainuka. "Ala!"

"Maji ya juu yanayakalia ya chini, mama. Kama mtungi unavyoikalia shingo yangu."

Bibi akafuta machozi, akaukanda udongo. Mabomba ya bondeni akayafanya manene kama vinu. Mdomo wa mwisho, kule kijijini, akaufanya mwembamba ili maji yaruke.

Yakafunguliwa. Chuu, chuu, chuu. Bondeni kimya. Halafu kijijini, fyuuu! Maji yakaruka juu, yakacheza hewani. Watoto wakaoga, na waliocheka wakalowa chapachapa.

"Bibi hoyee!" watu wakashangilia.

Bibi hakugeuka. Alimwendea Mize, akamtua mtungi kwa mikono yake mwenyewe. "Huu hutajitwika tena, mwanangu."

Mize akajifungua salama, mtoto wa kike, akaogeshwa kwa maji yale.

Na mpaka anakufa, Bibi akisikia mgeni anayasifu maji yanayoruka, alimwambia, "Shuka bondeni kwanza, ukayapapase yale manene. Kisha ndipo uje kunywa."

Basi wanangu, mkiona furaha inaruka juu, tazameni ni nani anayeibeba huko chini, mumpokee mzigo. Nami mzigo wangu wa maneno nautua hapa.