Nyamvula Aliyezitoa Nyota Nje ya Ua

Paukwa!
Pakawa!
Masikio?
Tumeyafungua!
Sogeeni basi, na wa nyuma wasikie.

Hapo kale, kabla taa hazijatufichia nyota, palikuwa na kijiji. Jioni ya kijiji kile ilikuwa jioni kweli. Jua likitua, watu walitandika mikeka uani, wakala, wakanyoosha miguu, na mbingu yote ikawa juu yao. Lakini wa kuisoma alikuwa mmoja tu, Mwero, mtu wa nyumba ya kilimani.

Nyumba ile ndiyo iliyokuwa na elimu ya nyota. Baba alimfundisha mwana, mwana akamfundisha mwanawe, na elimu haikutoka nje ya ua. Kila mwaka Mwero alitazama juu, akahesabu siku, akatazama tena. Wakati wa kupanda ukifika, alipiga ngoma. Ndi! Ndi! Ndi! Kijiji kizima kikashika majembe. Ngoma isipolia, hakuna aliyethubutu kutia mbegu ardhini.

Mwero alikuwa na dada, Nyamvula. Baba yao alipozeeka, miguu ikamwisha nguvu, Nyamvula ndiye aliyemshika mkono kumtoa nje kila jioni. Mzee akawa anamwonyesha: kile Kilimia, kishada cha nyota ndogo; ile Zuhura.

"Lakini haya yakae humu humu, mwanangu," alimwambia.

Nyamvula akaitikia. Mzee akafa. Nyamvula akanyamaza, akanyamaza, mpaka kichwa kikajaa mvi.

Ukaja mwaka mbaya. Kulikuwa na arusi, na Mwero akakalishwa nyuma pamoja na vijana. Akaondoka bila kula. Akasema moyoni, "Watanitambua."

Masika yakakaribia, ngoma kimya. Mawingu yakajaa, ngoma kimya. Mvua ikanyesha, shaaa, shaaa, watu wamekaa vibarazani na mbegu zao, wanangoja. Mwero alipoipiga ngoma, mvua ilikuwa inakatika. Mtama ukaota, ukanyauka.

Njaa ikaingia. Ikamchukua mjukuu wa Mejumaa, jirani na shoga yake Nyamvula. Mtoto yule ndio kwanza alikuwa ameanza kusema "bibi".

Nyamvula alikwenda matangani. Mejumaa akamwuliza, "Shoga, kwani wakati wa kupanda haukuonekana huko juu?"

"Ulionekana," akasema Nyamvula, macho chini. "Hata mimi niliuona."

"Ukanyamaza?"

"Nikanyamaza."

Mejumaa akamgeuzia mgongo.

Matanga yalipoanuliwa, Nyamvula aliteremka mpaka kwenye vinu. Wanawake walikuwa wakitwanga mizizi ya porini, maana nafaka hakuna. Akachukua mchi, akaimba:

Kilimia kikishuka, twi!
Jua linakotua, twi!
Toa mbegu, noa jembe, twi!
Masika yaja, twi!

Michi ikasimama. "Nyamvula, hayo si ya nyumba yenu?"

"Yalikuwa ya nyumba yetu. Haya, tutwange."

Wakatwanga, wakaimba. Twi! Twi! Twi!

Mwero akasikia. Akaja mbio, fimbo mkononi.

"Umevunja neno la baba!"

"Nimelivunja, kaka."

"Alisema yakae ndani!"

"Alisema. Nami nampenda baba mpaka leo. Lakini baba hakumwona mtoto yule akifungwa sanda."

Jioni Nyamvula alikuta vyungu vyake vimetupwa nje ya ua, na mkeka wake juu yavyo. Akasimama pale, mtu mzima, hajui pa kwenda. Akasikia nyayo. Alikuwa Mejumaa. Mejumaa akainama, akajitwika chungu kikubwa.

"Beba huo mkeka," akasema. "Twende kwangu."

Basi uani kwa Mejumaa ndiko watu walikokusanyika kila jioni. Jamani, mngeziona jioni zile! Nyamvula alishika chungwa mbele ya moto, akalizungusha polepole. "Tazameni panapong'aa. Mwezi nao ukipungua, hauliwi na mtu. Ni mwanga wa jua tu unaougeukia." Tena akasema, "Nyota ya alfajiri na nyota ya magharibi ni moja, ndiyo Zuhura. Mgeni yule yule, ila mara anapita mlango wa mbele, mara wa nyuma."

Watu walicheka wakashika mbavu. Mzee mmoja akainuka kwa hofu. "Mbingu zitatuangukia!"

"Babu, zimesimama tangu hujazaliwa. Keti, uji unapoa."

Mwaka ukageuka. Mwero akakaa kando ya ngoma yake, akingoja watu waje kumbembeleza. Asubuhi moja akasikia kwa! kwa! kwa! Akatoka nje. Majembe! Bonde zima linalimwa. Mvua ilipokuja ilikuta mbegu ziko ardhini. Mtama ukarefuka ukawaficha watu.

Hakuna aliyemtukana Mwero. Walimwamkia njiani, wakapita. Ila hakuna aliyemwuliza kitu tena, na hilo ndilo lililomuuma.

Jioni moja msichana alimwuliza Nyamvula, "Bibi, na zile nne za kusini, zilizokaa kama miguu ya kitanda?"

"Hizo sizijui. Baba alimfundisha kaka yangu." Kisha, bila kugeuka, akapaza sauti. "Kaka! Mtoto ameuliza."

Watu wakashangaa. Kumbe Mwero alikuwa nyuma ya ua wa makuti, akisikiliza. Mejumaa akasogea, akaacha nafasi mkekani.

Mwero akaingia. Akakaa. Akanyoosha kidole kusini. "Zile... aliyepotea porini azitafute zile. Zikisimama wima, chini yake ndiko kusini."

"Tena, babu," msichana akasema. "Tuambie tena."

Akawaambia tena. Naye Nyamvula akashika tama, akamsikiliza kaka yake kama mwanafunzi, machozi yakimtiririka.

Wote wawili wamekwisha kufa, siku nyingi. Bibi yangu alinionyesha Kilimia kwa kidole, nami nimelala mapajani pake, na hakujua nani alimfundisha aliyemfundisha yeye. Natamani jioni zile, wenzangu. Mlichosikia ndicho hiki: ujuzi wa kuokoa watu usifungiwe uani, hata kama aliyeufungia ni mtu unayempenda.

Hadithi yangu imefika hapo, nimeitua. Mwenye kuipenda aibebe aende nayo kwao.