Mvule wa Bi Sange

Paukwa!
Pakawa!
Penye kivuli?
Pakaota makangaga!
Penye makangaga?
Pakaja mwenye meno!

Hapo kale, katika mteremko wa msitu wa Usambara, aliishi Bi Sange, mnyama mdogo mwenye pua ndefu kama mrija. Chini ya mvule mkubwa alipanda makangaga, mimea isiyotoa ua wala tunda, bali majani yake husukika kama mkeka wa harusi. Aliyapanda kwa uzuri wake tu.

Siku ya Jumatatu, tarehe nne Juni, alifika Nguruwe Mwitu. Akalala juu ya makangaga, akamla mtoto wa kwanza wa Bi Sange. Jumanne, tarehe tano, akalala tena, akamla wa pili. Akabaki mmoja, Mwanamvua.

Jumatano, tarehe sita, Nguruwe akaita, "Wewe kipua! Godoro langu fupi. Kesho makangaga yasiponifika mabegani, nitamla na huyo."

"Bwana mkubwa, haya hukua polepole."

"Usinifundishe kilimo! Nimekula mahindi ya watu miaka kumi na minne. Mahindi hukua juani. Wewe umeyafunika haya kwa mti!"

Bi Sange akautazama mvule, akautazama mteremko. Hakulia, machozi aliyamaliza Jumanne.

"Kweli Bwana mkubwa ni msomi. Ila nakusihi, usiuangushe. Mizizi yake ya upande wa bondeni ni mitamu kama viazi, nami nimemwekea mwanangu."

"Mwanao ataihitaji ya nini?" Nguruwe akacheka, akashuka upande wa bondeni.

Akachimba, gwa! gwa! Akatafuna, karu! karu!

"Mbona michungu?"

"Ya juu ndiyo michungu, Bwana. Utamu uko ndani."

Akachimba, gwa! gwa! Akatafuna, karu! karu! Mvule ukalia, kreee!

"Nini hicho?"

"Jua, Bwana. Linaingia."

Akachimba, gwa! Mvule ukamwangukia, puu! Hakuwahi hata kuguna.

Jua likaingia kweli. Kufikia Jumamosi, tarehe tisa, makangaga yote yalikuwa yamekauka. Bi Sange akambeba Mwanamvua mgongoni, akaondoka. Wale wawili walioliwa hawakuwa na kaburi la kuagwa.

Ngano yangu imekoma: utamu wake uchukueni, uchungu wake niachieni.

Na funzo lake, wanangu, ni hili: mkubwa akisema mmea unataka jua, msimbishie. Mkubwa hakosei, na akikosea, hakosei mara mbili.