Jina la Herufi Nyembamba

Sikilizeni vizuri, maana nikimaliza nitawauliza, nami jibu sina.

Lushoto walikuwapo watu watatu waliosifika. Nesi Nakijwa wa zahanati alikuwa na jicho la kugundua kosa lilipoanzia. Fundi Shekiondo, mchoraji wa vibao vya maduka, alikuwa na mkono usiotetemeka. Na Mwantumu, binti wa stesheneri, alikuwa na subira ya ajabu mbele ya kompyuta.

Siku moja Bibi Mkunde alimpa mjukuu wake dawa ya kikohozi, vijiko vitatu kwa mpigo. Mtoto akalala kutwa nzima. Alipoamka na kuomba uji, watu walishusha pumzi, kisha wakaanza kumlaumu bibi.

Nakijwa hakumlaumu. Aliitazama chupa. Lebo ilikuwa na upana wa vidole viwili, na herufi zake zilikuwa pana, kwa hiyo maneno yalipunguzwa mpaka yakawa kama sisimizi.

"Bibi hana kosa," alisema. "Tunataka herufi nyembamba, zinazoweza kuwa kubwa na bado zikaenea hapa."

Akampelekea Fundi Shekiondo kazi hiyo. Fundi alichora herufi ndefu zilizobanwa, bila vijimkia wala madoido. Bibi Mkunde akaletewa azisome.

"Mwanangu, hizi zimesimama kama miiba," alisema. "Hii ni a au ni o?"

Fundi akarudi kuchora. Siku ya kumi na moja alikuwa amezungusha kila ncha na kila kona, laini kama ncha ya kidole. Bibi akasoma bila kusita: "Kijiko kimoja, mara tatu kwa siku."

Lakini hizo zilikuwa za brashi, na zahanati ilitoa chupa mia kwa wiki. Mwantumu akaziingiza kwenye kompyuta moja moja, akipima nafasi baina ya kila herufi na jirani yake, kwa sababu r na n zikigusana zilisomeka kama m. Alifuta, akaanza upya, akafuta tena. Mwezi wa pili printa ikatoa lebo ya kwanza.

Herufi zikapendwa. Wauza asali wakazitumia kwenye chupa zao, maktaba ya shule ikazibandika kwenye migongo myembamba ya vitabu. Zahanati nyingine nazo zikaziomba.

"Hatuwezi kuzituma bila jina," alisema Mwantumu, wote wakinywa chai stesheneri pamoja na Bibi Mkunde. "Tuziite kwa jina la aliyezibuni, na nafasi ni ya jina moja tu."

"Bila mimi mngekuwa bado mnamlaumu bibi," alisema Nakijwa.

"Na bila mkono wangu, dada, ungebaki na wazo tu," alisema Fundi.

Mwantumu akacheka. "Bila mimi, Fundi, leo ungekuwa unachora chupa ya arobaini."

Bibi Mkunde aliweka kikombe chake chini. "Na aliyewaambia kwamba zile za kwanza hazisomeki alikuwa nani?"

Ubishi ukaanza upya, sasa wa watu wanne.

Mpaka sasa wamekaa hapo stesheneri wanabishana na kucheka, na kwenye kompyuta sehemu ya jina iko wazi. Haya, msikilizaji, ungekuwa wewe umeshika kibodi, ungeandika jina la nani?