Betri Aliyoichagua Bi Kidawa

Palikuwa na sultani mmoja, Sultani Shahbali wa Kilimapanda, aliyekuwa na gari la umeme lililozeeka. Akatoa amri kwamba halijazeeka. Mimi sikuja hapa kubishana na sultani, nawasimulia tu.

Enzi zake lilikuwa gari kweli. Lilipita kimya kama paka aliyeiba samaki. Lakini betri nayo ina umri wake. Ikafika mahali gari linachajiwa tangu magharibi hadi alfajiri, kisha Ijumaa linateremka kutoka kasri hadi msikitini kwa mbwembwe zote, na wakati wa kurudi, pale kwenye mwinuko, linakata pumzi. Hapo mahamali wanalizunguka. Mikono nyuma ya gari, miguu wameikita ardhini, jasho linawatiririka, nalo linapanda. Ukithubutu kuuliza, "Mbona mnalisukuma gari la Sultani?" unakamatwa. Hawasukumi, jamani. Wanalisindikiza!

Msindikizaji hodari kuliko wote alikuwa Shaame, hamali wa sokoni, mume wa Bi Kidawa. Bi Kidawa ni yule aliyekuwa akikaanga kachori chini ya mwinuko, na ulimi wake ulikuwa na pilipili kuliko chatini yake. Ijumaa moja, katikati ya mwinuko, Shaame akajisahau. Akasema, "Nimechoka."

Lahaula! Waziri Mahfudhi, aliyekuwa ndani ya gari akijipepea, akatoa kichwa dirishani.

"Umechoka? Anayechoka ni anayesukuma. Na gari halisukumwi ila betri yake ikiwa imekufa. Kwa hiyo wewe umesema betri ya Sultani imekufa!"

Shaame akapelekwa gerezani hata jasho hajalifuta. Bi Kidawa alilia mpaka mafuta ya kachori yakaungua. Hamali au si hamali, alikuwa mume wake na alimpenda.

Ijumaa iliyofuata gari likafika palepale, likagoma. Wasindikizaji wakalisindikiza hadi mishipa ya shingo ikawasimama, lakini bila Shaame halikusogea hata shubiri. Sultani akapanda kwa miguu hadi kasrini, kilemba mkononi. Alisema alitaka kupunga upepo.

Kesho yake akawaita wauza betri. Wa kwanza akaleta mpya, bado imo ndani ya nailoni.

"Mpya ya nini?" Sultani akanguruma. "Kwani yangu imekufa?"

Akatiwa ndani. Wa pili akaja na betri nzima kabisa, imetolewa kwenye gari la tajiri mmoja aliyepata ajali.

"Mimi nivalishwe mtumba?"

Naye ndani. Wa tatu alikuwa mjanja, akasema, "Mtukufu, mimi nashauri ubaki na ileile."

"Nipande mlima kwa miguu kila Ijumaa?"

Naye akawafuata wenzake.

Wakati huo Bi Kidawa alikuwa mlangoni pa kasri, kama kila siku tangu mumewe afungwe, akiomba aachiliwe. Sultani alikwisha kuchoshwa naye, ingawa neno lenyewe la kuchoka lilikuwa halitamkwi.

"Wewe mwenye kelele, njoo! Nichagulie betri. Isiwe mpya. Isiwe imewahi kutumika kwenye gari la mtu mwingine. Na gari lipande mwinuko. Ukikosea, utamfuata mumeo."

Watu barazani wakamtazama kwa huruma. Bi Kidawa akajifunga kanga yake kiunoni.

"Nitachagua, mtukufu. Lakini hiyo nitakayoichagua, itatolewa?"

"Popote ilipo, leo hii. Naapa mbele ya watu wote hawa."

"Hata kama aliyenayo hapendi kuitoa?"

"Nani wa kuninyima mimi?"

"Hayupo, mtukufu. Basi nimekwisha kuchagua."

Sultani akakaa vizuri kitini. "Ni mpya?"

"Mpya wapi! Naijua tangu mimi ni kigoli."

"Imetumika kwenye gari la mwingine?"

"Haijawahi. Gari inalolijua ni lako tu."

"Mwinuko inapanda?"

"Muulize Waziri. Imeshampandisha mara nyingi, naye amekaa anajipepea."

Waziri akauweka upepeo chini.

"Inachajiwa kwa kitu gani?" Sultani akauliza.

"Sahani moja ya wali wa nazi na samaki wa kupaka. Ila jioni lazima irudi nyumbani kwangu. Pengine popote haishiki chaji."

Nyuma ya baraza mtu akacheka, akajifanya anakohoa. Sultani akakunja uso. Alihisi kuna kitu, hakukijua ni kitu gani.

"Ina kasoro?"

"Moja tu. Usiku inakoroma."

"Betri inakoroma? Iko wapi hiyo betri?"

"Iko gerezani kwako, mtukufu. Inaitwa Shaame."

Sultani akasimama, uso umemwiva, kilemba kimekwenda upande.

"Unanifanyia mzaha, mwanamke? Yule ni mtu! Si betri!"

Bi Kidawa akainamisha kichwa kwa adabu zote.

"Kama ni betri, mtukufu, umeapa kuitoa leo. Kama ni mtu, basi gari lako lilikuwa likisukumwa na mtu, na asemaye hivyo hufungwa. Haya, sasa chagua wewe."