Nyama ya Mgeni

Biashara zilipodorora, tajiri Shekue alipiga marufuku nyama nyumbani kwake.

"Hali ngumu, tubane matumizi. Nyama italiwa akija mgeni tu," alimwambia mkewe, Mwanakheri, huku akichokonoa meno, maana yeye alishakula mishikaki mjini.

"Sawa, mume wangu."

Kesho yake mama mkwe akapiga hodi na furushi lake. Nyama ikapikwa. Wiki zikapita, nyama ikapikwa.

"Mama ataondoka lini?" Shekue alinong'ona.

"Muulize mwenyewe."

Shekue akafuta jasho. Nani amuulize mkwewe neno kama hilo?

"Basi, kuanzia leo nyama ipikwe hata bila mgeni!"

Nyuma ya pazia mama mkwe akaanza kufunga furushi.

"Mwanangu," aliita, "ile kazi uliyoniitia imekwisha."