Kwa Nini Boti Huingia Ilondo kwa Mgongo

Cheka, Gwamaka, cheka mpaka umalize. Nimekuona tangu tulipozima injini pale mdomoni mwa ghuba, tukainyanyua kutoka majini, tukaigeuza boti na kuanza kupiga kafi kinyumenyume mpaka hapa kwenye changarawe. Ukamnong'oneza mwenzako kwamba bibi huyu amesahau kuwa boti ina mbele na nyuma. Masikio yangu hayajazeeka, mjukuu wangu. Wageni wengi ninaowazungusha kwenye ghuba hizi hucheka hivyo hivyo, na wote hunyamaza wakishajua sababu. Kaeni hapo kwenye mawe, samaki hawajaiva bado.

Ulikuwepo wakati ambao watu wa pwani hii hawakujuana. Mnaiona milima ilivyo, inashuka moja kwa moja mpaka ndani ya ziwa Nyasa, haiachi hata pa kuweka mguu. Palipo na upenyo kidogo ndipo pana ghuba, na kila ghuba ilikuwa na kijiji chake, kimejificha huko ndani kama kunguni kwenye ufa. Hapa Ilondo tulikuwa na njia moja tu ya kutokea, ya kupanda mlimani. Kwa njia hiyo wazee wetu walikwenda kuoa kule juu, na mabinti zetu walikwenda kuolewa. Kisha mvua kubwa ikanyesha, mlima ukaporomoka, njia ikafutika kabisa.

Watu wakasema si neno, samaki tunao, mihogo tunayo, udongo wa vyungu tunao. Kweli walikuwa navyo. Lakini Ilondo ni ukoo mmoja, na kwetu mtu haoi ndugu yake, hata iweje. Kijana akitupa jicho huku anamwona dada, akitupa kule anamwona shangazi. Miaka ikaenda. Mtoto wa mwisho kuzaliwa aliitwa Asegelile, na watu waliendelea kumwita mtoto hata alipoota ndevu, kwa kuwa nyuma yake hapakuwa na mwingine. Ikafika mahali watu wa Ilondo wakasahau mlio wa kichanga.

Asegelile huyo mama yake alifariki akiwa mdogo, akalelewa na shangazi yake, Ndimbumi. Na huyu Ndimbumi, wajukuu zangu, ndiye bibi yetu sote, msimtaje mkiwa mmelala chali. Alikuwa mwanamke mfupi, mbishi, mfinyanzi hodari, na mtumbwi aliujua kuliko wanaume. Siku moja alimkuta Asegelile amekaa anachonga kafi, kafi dogo la kuchezea mtoto. Akamuuliza, "Unamchongea nani?" Kijana akajibu, "Simchongei mtu, shangazi. Mikono tu." Ndimbumi aliona uchungu ambao hakuwahi kuuona. Akaenda kwa wazee, akawaambia, "Mimi natoka kwa njia ya maji. Huko kwenye ghuba nyingine lazima wapo watu, na watu wana mabinti."

Wazee wakashika vichwa. Loo! Kwa maji? Katika pwani hii, chombo kilichoingia ghuba isiyo yake kilikuwa kitu kimoja tu, mwizi. Walikuja watu hao pua ya mtumbwi mbele, mbio, wakafagia samaki kwenye chanja na kutoweka kabla moshi haujatulia. Kwa hiyo kila kijiji kilirundika mawe juu ya mdomo wa ghuba yake, na pua ya mtumbwi wa kigeni ikichomoza tu, mawe yanaporomoshwa. Sisi pia tulikuwa na lundo letu, lile pale juu, na tulilitumia. Wakamwambia Ndimbumi, "Utakufa bure." Akasema, "Na nyinyi mtakufa hapa hapa mmekaa. Afadhali mimi nitakuwa nimetembea."

Akapakia chungu cha samaki waliokaushwa kiwe zawadi, akashika kafi lake.

Ninyi leo mmeziona ghuba hizi mkiwa mmekaa kwenye mito laini ya boti, mnapiga picha. Yeye alizitafuta moja moja. Ukiwa ziwani huoni kitu, ni jabali tu na jabali, mpaka ufike mbele kabisa ndipo mwamba unaachana na mwingine. Aliingiza mtumbwi kwenye nyufa ambazo mwisho wake ulikuwa pango la popo. Alipita ghuba yenye maporomoko yanayodondokea ziwani, ambako maji ni baridi mpaka meno yanauma. Alikuta ghuba yenye mchanga mweupe na nyayo za fisimaji peke yake. Sisi ndio wenye pwani hii, na wa kwanza kuijua yote alikuwa mwanamke wa Ilondo. Hilo nalisema kila siku na sichoki.

Mwisho akaona moshi, na chini ya moshi mapaa. Furaha ikampanda, akafanya kosa ambalo mtu wa kwetu tu ndiye angelifanya. Kwetu tumefundishwa kwamba ukiingia kimya kwa watu huna adabu, salimia ukiwa mbali. Basi akapaza sauti akiwa mdomoni mwa ghuba, pua ya mtumbwi mbele, "Jamani, hamjambo huko!" Alisahau majabali. Sauti yake ikagonga huku ikagonga kule, ikarudi nyingi, na huko ndani wakasikia watu chungu nzima wanapiga kelele. Mawe hayo! Yalishuka kama mlima umekasirika. Chungu kikapasuka, samaki wakarudi ziwani, na jiwe moja likamgonga bega. Akaponea chupuchupu.

Mwingine angerudi nyumbani. Ndimbumi alisogea mpaka yasipofika mawe, akaacha mtumbwi uelee, akalia. Alilia kwa sauti, hakuona aibu, bega likimwaka moto. Alipomaliza kulia akaanza kufikiri. Akajiuliza watu hawa wanaogopa nini, na akajijibu, wanaogopa uso wangu, kwa kuwa hawajawahi kuona uso unaowajia kwa wema. Ndipo akamkumbuka mama yake mzazi, aliyeletwa kuolewa kutoka mlimani. Mama yule alikuwa kila akikutana njiani na baba mkwe wake, anageuka na kumpa mgongo mpaka mzee apite. Huko kwao juu ndivyo mkwe alivyomheshimu mkwe. Watoto walimcheka, naye akiwaambia, "Anayekupa mgongo amekuamini."

Sijui kwenu mjini. Najua mtu akisema fulani amenipa mgongo, anamaanisha amemtupa. Sisi hapana.

Ndimbumi akaugeuza mtumbwi. Akakaa uso umeelekea ziwani, akaanza kupiga kafi kurudi nyuma, taratibu, bila neno, akiingia kwenye ghuba ile ile iliyompiga. Fikirini, jamani. Mawe yako juu yake, naye hayaoni. Jiwe moja likadondoka kando, maji yakamrukia, hakugeuka. La pili likaanguka karibu zaidi, mtumbwi ukayumba, hakugeuka. Mawe yakakoma, kwa kuwa wale wa juu hawakujua la kufanya. Mwizi gani anakuja hivi? Mtumbwi ukakwaruza changarawe, akasikia nyayo za watu wakimzunguka kwa nyuma.

Akazungumza mzee mmoja kwa ukali. Jina lake Kabeta, mkuu wa kijiji kile cha Kasumbi. "Wewe mwanamke, mbona unatupa mgongo? Kwenu hakuna adabu?"

"Adabu ipo, baba," akasema Ndimbumi, bado anatazama ziwa. "Kwetu mkwe humpa mgongo baba mkwe."

Watu wakaangua kicheko. Mama mmoja akasema, "Ala! Mkwe? Nani wa hapa amekuoa wewe na bega lako hilo?"

"Bado," akasema Ndimbumi. "Ndiyo nimekuja kuomba. Ninaye kijana, ni mzima, hana wa kumwoa, waliopo wote ni dada zake. Mkikataa nipigeni jiwe lililobaki, maana nikirudi mikono mitupu kijiji chetu kimekwisha."

Hapo hakuna aliyecheka tena. Kumbe Kasumbi nao walikuwa ukoo mmoja, nao njia yao ya mlimani ilifukiwa na mvua ile ile, nao walikuwa na mabinti waliokaa mpaka wakachoka kusuka nywele. Watoto kwao walikuwa wamebaki wachache mno, wa wake walioletwa kabla njia haijafukiwa. Sauti ya mzee Kabeta ikalegea, akasema, "Basi geuka, tukuone."

Ndimbumi akageuka. Cha kwanza alichokiona kilikuwa kichanga mgongoni kwa mama yule yule aliyemtania, mate yanamtoka, anamkodolea macho. Hakuweza kusema hodi wala shikamoo. Alishuka akaenda kumshika mguu yule mtoto, akausugua kwenye shavu lake, akalia mbele ya watu wote. Mama yule akamfungua mtoto na kumpa ambebe. Hivyo ndivyo posa yetu ilivyofanyika, wala hapakuwa na maneno mengine.

Aliporudi na habari, vijana wa Ilondo walipiga vigelegele lakini wazee wakagoma. "Twende ukweni kinyumenyume kama kaa? Thubutu!" Ndimbumi akawafunulia bega lake lililovimba. "Hivi ndivyo wanavyopokelewa wanaoingia pua mbele," akasema. "Chagueni." Asegelile alikuwa wa kwanza kukaa mtumbwini ameelekeza uso nyuma. Wazee wakafuata wakinung'unika, na wakaingia Kasumbi wote kwa mgongo, kimya, hakuna jiwe lililoanguka. Mzee Kabeta akaita, "Geukeni, tuwaone." Walipogeuka, binti mmoja aitwaye Lugano akamwona Asegelile, Asegelile akamwona Lugano, na mengine hayo hamhitaji mimi niwaeleze.

Habari zikatembea kutoka ghuba moja hadi nyingine. Aliyeingia kwa mgongo alipokelewa, akapewa kiti na samaki. Mawe juu ya midomo ya ghuba yakaota majani, na wezi wakakosa pa kujificha, maana wao hawakuwa na moyo wa kumpa mtu mgongo. Pwani iliyokuwa vijiji vya watu wanaoviziana ikawa pwani ya wakwe, mpaka leo hapa huwezi kumtukana mtu bila kumtukana shemeji yako. Ndiyo maana, Gwamaka, hata boti iwe na injini ya namna gani, ikifika kwenye ghuba zetu inazimwa, inageuzwa, inaingia kimya kwa mgongo, na wenyeji ndio wanaotangulia kusema. Nimesikia wenye mahoteli wakisema tunapoteza muda. Wapite basi kwingine, ziwa ni kubwa.

Lakini Ndimbumi hakwenda Kasumbi kwa ajili ya mitumbwi. Alikwenda kwa ajili ya kile ambacho Ilondo ilikuwa imekosa kwa muda mrefu, na Lugano alikileta. Siku alipojifungua, kijiji kizima kilisimama nje ya nyumba hakipumui, na Kasumbi wote walikuwa wamekuja. Ndani kichanga kikalia. Ndimbumi akatoka mlangoni kinyumenyume, mtoto amemfunika kifuani, akasimama amewapa watu mgongo, hawezi kusema kwa machozi. Asegelile ndiye aliyepata sauti, akaita, "Geuka, tumwone." Mtoto wakamwita Tupokigwe, yaani tumepokelewa.

Na kuanzia asubuhi hiyo hadi hii mliyonayo, hakuna mtoto anayetolewa nje katika ghuba zetu uso mbele. Bibi yake humtoa kwa mgongo, ukoo mzima ukiwa kimya, kisha wote huita pamoja. Mimi nimewatoa wajukuu zangu wote hivyo kwenye mlango ule mnaouona. Nikisikia watu wanaita nyuma yangu, "Geuka, tumwone," ninageuka nikijua kwamba kijiji changu kipo.